Kununua Mwanga Mahali Penye Jua

Shosho wa nyumba nambari tatu alisimama mlangoni mwangu akiwa na bakuli la njahi mkononi. Aliitazama taa ya zambarau iliyokuwa ikiwaka juu ya mimea yangu saa sita mchana, kisha akanitazama mimi. Nje jua lilikuwa kali kiasi kwamba mabati ya nyumba za ng'ambo yalikuwa hayatazamiki.

"Mwanangu," akaniuliza, "Mungu anatupa jua bure. Hili la kununua ni la nini?"

Nilimpokea bakuli, nikamkaribisha ndani, nikamweleza jambo fulani kuhusu kivuli cha jengo la jirani. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, na tukahamia mazungumzo mengine.

Swali lenyewe halikuhama.

Nimelibeba kwa wiki saba sasa, na sababu ni kwamba jibu nililompa halikuwa la kweli. Nilikuwa nimenunua taa bila kujua hasa ni kitu gani mimea yangu ilikikosa, na ilikuwa ikiendelea kufa chini ya taa hiyohiyo.

## Dirisha lililozibwa

Ninaishi ghorofa ya kwanza, upande wa Section 58 hapa Nakuru, na dirisha la sebule yangu linatazama mashariki. Zamani jua la asubuhi liliingia hadi katikati ya chumba na kukaa mpaka saa nne. Kisha ploti ya jirani ikainuliwa ghorofa nne, mita tatu tu kutoka kwenye kioo changu, na tangu hapo nimekuwa nikitazama ukuta wa mawe ya kijivu.

Jambo linaloniuma ni kwamba sikuliona giza likiingia. Niliendelea kusoma mezani bila kuwasha taa, nikaendelea kuamini kwamba chumba kina mwanga wa kutosha. Dania niliyoipanda kwenye ndoo ya rangi ndiyo iliyoniambia ukweli. Iliota siku ya kumi, kwa wingi, na kwa siku mbili nilifurahi. Siku ya tano baada ya kuota, kila mche ulikuwa na shina jembamba kama uzi, jeupe karibu na udongo, lililopinda kuelekea kioo, na yale majani mawili ya kwanza yalikuwa yameinuliwa sentimita saba juu ya udongo kama mtu anayenyoosha shingo katikati ya umati. Nilipoinyweshea maji, yote ililala. Haikuinuka tena.

Mche unaokosa mwanga hauachi kukua. Unarefuka upesi kuliko ule ulioshiba, kwa sababu unatumia akiba yote ya mbegu kuutafuta mwanga ulipo, na usipoufikia kabla akiba haijaisha, huo ndio mwisho wake. Nilikuwa nimeusoma urefu ule kama dalili ya afya.

## Jicho si kipimo

Simu nyingi zina kihisio kidogo karibu na kamera ya mbele, kinachozisaidia kurekebisha mng'ao wa kioo, na zipo programu za bure zinazosoma kihisio hicho na kuonyesha mwanga kwa luksi, kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Hakiko sahihi sana, na simu mbili zaweza kutofautiana, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali ndani ya nyumba moja kinatosha. Jumamosi moja saa sita mchana nilipanda juu ya paa, pale tunapoanika nguo, nikailaza simu ikitazama angani. Ilisoma 98,000. Nilishuka, nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha, upande wa ndani: 1,900. Nikaiweka mezani, mita moja kutoka kwenye kioo, mahali ninapokula na kusoma bila shida yoyote: 420. Nikaiweka juu ya rafu ya pembeni, ambapo mmea wangu wa kutambaa umekaa tangu nihamie: 60.

Nilirudia mara tatu, kwa sababu sikuamini.

Kutoka paani hadi mezani kwangu ni hatua chache za ngazi, na katika hatua hizo mwanga ulikuwa umepungua zaidi ya mara mia mbili. Mimi nilikuwa nimeona tofauti ndogo tu. Mboni ya jicho hutanuka, ubongo nao hurekebisha, na mahali penye luksi 400 panaonekana pazuri kabisa. Macho yetu yameumbwa kutuwezesha kutembea alfajiri na adhuhuri bila kujikwaa, na kwa kazi hiyo ni hodari, lakini hayakuumbwa kupima chakula cha jani.

Na kwa jani mwanga ni chakula. Luksi hupima mwanga kwa mizani ya jicho la binadamu, ambalo hupendelea rangi ya kijani iliyo karibu na manjano, ambayo urefu wa wimbi lake ni yapata nanomita 555. Mmea hutumia mwanga wote kati ya nanomita 400 na 700, na wataalamu huhesabu chembe za mwanga, yaani fotoni, zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, kwa kipimo cha mikromoli (mikromoli milioni moja ni moli moja). Jua la adhuhuri ni karibu mikromoli 2,000. Mwanga wa mchana ukishausoma kwa luksi, gawanya kwa 54 upate makadirio ya mikromoli. Kwa taa nyeupe za LED, gawanya kwa 70 hivi. Meza yangu ilikuwa inapata mikromoli 8.

Kisha hesabu ya siku nzima, kwa kuwa mmea hula mchana kutwa. Zidisha mikromoli kwa saa za mwanga, kisha kwa 0.0036, upate moli za siku. Hata kama meza ingebaki na mikromoli 8 kwa saa zote kumi na mbili, jumla ni moli 0.35. Mimea ya majani inayovumilia kivuli hutaka kati ya 2 na 6. Mboga za majani hutaka 12 na kuendelea. Nyanya hutaka 20 au zaidi. Nje, siku ya jua zuri, hufika karibu 40.

Nilikuwa nikiipangia mimea sahani tupu mezani, kila siku, kwa upendo.

## Taa ya zambarau

Taa niliyoinunua kabla ya kujua haya yote ilikuwa na maandishi makubwa kwenye boksi: wati 300. Niliifunga darini, mahali taa zinapofungwa, mita 1.8 juu ya ndoo. Fundi wa stima aliyekuja kurekebisha soketi ya jikoni alikuwa na kipima-wati cha kuchomeka, nikamwomba tuijaribu. Ilisoma 28.

Fundi hakushangaa. Alinieleza kwamba wauzaji wengi huandika wati za taa ya zamani ambayo hii eti inachukua nafasi yake, au hujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila punje ya LED, ambao haufikiwi kamwe. Tangu siku hiyo ninauliza swali moja dukani: taa hii inavuta wati ngapi kutoka kwenye soketi? Muuzaji akilikwepa, ninashukuru na kuondoka. Boksi likitaja ni mikromoli ngapi zinazotoka kwa kila juli, yaani kipimo cha nishati, ya umeme, ninalisoma kwa makini zaidi, kwa kuwa hapo mtengenezaji amekubali kupimwa kwa lugha ya mmea. Taa nzuri za sasa hupita 2.5.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa langu. Niliweka simu juu ya ndoo, chini ya taa: 110. Nikapanda kiti, nikaishika sentimita 35 kutoka kwenye taa: karibu 2,900. Nambari zenyewe haziaminiki chini ya taa ya zambarau, kwa sababu luksi huudharau mwanga mwekundu na wa buluu, lakini uwiano kati ya nambari mbili za taa moja unaaminika. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa maradufu, mwanga hubaki robo. Kwa kuiacha taa darini, nilikuwa nikipoteza sehemu ishirini na tano kati ya ishirini na sita za kile nilicholipia.

Na zambarau ilinificha jambo jingine. Chini yake jani la kijani huonekana jeusi, kwa kuwa hakuna kijani cha kurudi machoni. Siku nilipolitoa nje jani moja la pilipili na kuligeuza, niliona vidoti vya manjano vilivyotapakaa kama vumbi la unga na utando mwembamba kwenye pembe ya mshipa. Ulikuwa utitiri, na ulikuwa pale kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimeutazama mmea ule kila jioni bila kuuona.

Rangi ile ilitokana na hoja iliyokuwa na msingi: klorofili hunyonya zaidi buluu na nyekundu, kwa hiyo kwa nini tulipie kijani? Lakini mwaka 1972 mtafiti Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya mimea mingi ya mazao vilivyoonyesha kwamba usanisinuru hutumia rangi zote za mwanga unaoonekana, kijani pia, na leo inajulikana kwamba kijani hupenya ndani zaidi ya jani na kufika mahali ambapo nyekundu na buluu zimekwisha kunyonywa. Taa nyeupe ya LED yenyewe ni punje ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine. Punje hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa maneno mengine, kifaa nilichokihitaji kilikuwa kinauzwa tangu zamani katika duka la vifaa vya ujenzi, chini ya jina la taa ya kawaida.

## Ushauri wa watu wa kaskazini

Kila nilipotafuta mwongozo nilikutana na sentensi ileile: weka mimea kwenye dirisha linaloelekea kusini. Niliitii kwa miaka, katika chumba changu cha kulala, ambako kuna dirisha la kusini, na sikuwahi kuona faida yake isipokuwa karibu na Krismasi.

Sentensi hiyo ni ya kweli huko ilikoandikwa. London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua la adhuhuri huko huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, upande wa kusini, na huingia dirishani likalala sakafuni hadi ukuta wa pili. Nakuru iko chini ya nusu nyuzi kusini mwa ikweta. Ukiendesha kuelekea Marigat unavuka mstari wenyewe pale Mogotio. Hapa adhuhuri jua huwa utosini au karibu nao mwaka mzima. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, lakini halishuki chini ya nyuzi 66 saa sita mchana. Jua lililo utosini huanguka juu ya paa, juu ya kibaraza, juu ya ukingo wa dirisha, wala haliingii ndani. Nyumba zetu hulipata jua la kweli kupitia madirisha ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni, na mimi langu la mashariki lilikuwa limezibwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu la swali la Shosho.

Wenzetu wa kaskazini hununua taa kwa sababu mchana wao wa baridi ni mfupi, chini ya saa nane kule London. Sisi mchana wetu ni saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Hatukosi saa za mwanga. Tunachokosa ni njia ya kuuingiza mwanga ndani, na kadiri ploti zinavyosogeleana njia hiyo inazidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo taa yangu haina kazi ya kurefusha siku. Ina kazi ya kuimarisha mwanga dhaifu ulioko mchana huohuo, na ndiyo maana huwaka saa sita mchana jua likiwaka nje.

Taa zinazorefusha siku zipo katika kaunti hiihii. Ukipita Naivasha usiku utaona baadhi ya nyumba za maua zikimulika. Haiperikamu, lile ua la vijimatunda vyekundu, hutaka mchana mrefu kuliko saa zetu kumi na mbili ndipo lichanue vizuri, na krisanthemu huchanua usiku ukirefuka, kwa hiyo mkulima anayetaka iendelee kutoa majani kwanza huukata usiku wake kwa taa. Mwanga mdogo unatosha kwa kazi hiyo, kwa kuwa pale mmea haulishwi. Unasomeshwa saa.

## Mirija miwili

Nilinunua mirija miwili ya LED ya futi nne, wati 18 kila mmoja, nyeupe ya mchana, ile inayoandikwa 6500K. Niliining'iniza sambamba kwa minyororo chini ya rafu, sentimita 15 juu ya miche, na ninaipandisha pingili moja moja kadiri miche inavyokua. Simu ilisoma karibu 9,000, yaani mikromoli 130 hivi. Kwa saa kumi na nne hiyo ni moli 6.5: inatosha miche yote, inatosha mimea inayovumilia kivuli, na haitoshi kuivunisha sukuma wiki ndani ya nyumba.

Hapo nilisita kwa muda mrefu, na bado nadhani nilifanya vyema kusita. Wati 36 kwa saa kumi na nne ni nusu yuniti kwa siku, yuniti kumi na tano kwa mwezi. Nikiihesabu yuniti kwa shilingi 30, ni shilingi 450. Ili nivune sukuma ningehitaji mwanga maradufu na gharama maradufu, ilhali mama mboga aliye langoni ananiuzia iliyotoka mashamba ya Bahati, iliyoshiba jua la bure. Kwa hiyo niliamua: taa ni ya miche, wiki tatu au nne za mwanzo, kisha mche unahamia paani. Nyanya na sukuma hazikai tena sebuleni.

Nimeacha mmea mmoja tu wa kudumu chini ya mirija, nao ni sentipolia, wenye majani ya manyoya laini na maua ya urujuani. Jina lake linatokana na Walter von Saint Paul, Mjerumani aliyeupeleka kwao mwaka 1892 akiutoa Usambara, na watu wengi wanaoupenda hudhani ni wa madirisha ya Ulaya. Kwao ni kwenye miamba yenye unyevu chini ya msitu, kwa hiyo moli tano au sita zinautosha kabisa. Miaka miwili nilikuwa nao bila ua hata moja. Siku ya thelathini na nne chini ya mirija ulitoa vikonyo vitatu.

Kuhusu maji nitasema machache. Mmea ulio gizani hunywa kidogo, na mingi niliyodhani imekufa kwa kiu ilikuwa imeoza mizizi. Waya nao uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni.

## Usiku nao ni haki yake

Nilifunga taima ya plagi, ile yenye duara la kuzungusha, iwashe saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa mbili usiku. Wiki ya tatu niliamka saa nane za usiku nikakuta sebule inang'aa kama duka. Stima ilikuwa imepotea mara kadhaa siku zile, na kila ilipopotea duara lilisimama nayo na kuendelea pale lilipoachia. Lilikuwa limechelewa kwa saa saba.

Majani ya nyanya mbili nilizokuwa bado sijazihamisha yalikuwa yameanza kupauka katikati ya mishipa. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayoumia ikinyimwa giza. Sentipolia nayo hushauriwa ipate giza la muda wa saa nane hivi kila siku. Sasa ninatumia taima ya kidijitali yenye betri ndogo ndani, ambayo huhifadhi saa hata stima ikipotea.

## Ukuta

Nilirudi kwa Shosho na simu mkononi. Nilipanda naye hadi paani polepole, nikamwonyesha nambari, kisha nikashuka naye hadi mezani kwangu nikamwonyesha nyingine. Alizitazama kwa muda. Kisha akainua macho dirishani.

"Kumbe ukuta ndio unaokula," akasema.

Mimi nilikuwa nimefikiria taa, umbali, rangi na taima, na sikuwa nimeufikiria ukuta. Jengo letu ni fupi, kwa hiyo kuanzia saa sita hadi saa nane jua huupiga ukuta ule wa jirani waziwazi, na mawe ya kijivu huimeza sehemu kubwa ya mwanga huo. Shosho alimjua mwenye ploti tangu akiwa kijana. Tulimwendea Jumapili baada ya kanisa, na Shosho ndiye aliyemwambia: "Mwanangu, ukuta wako umekula jua la watu." Mwenye ploti alicheka, akatoa ruhusa, na kwa heshima ya Shosho akagharimia nusu ya chokaa.

Mafundi walimaliza Jumanne iliyopita. Saa saba mchana niliilaza simu mezani, mahali palepale: 1,050. Kwenye ukingo wa dirisha ilisoma 4,800. Ule mmea wa kutambaa nimeuhamishia ukingoni, na mirija nimeipunguzia saa mbili kwa siku.

Alhamisi asubuhi Shosho alibisha hodi. Safari hii alikuwa amebeba mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa udongo, ndani yake miche ya managu iliyorefuka na kulala upande mmoja, kwa sababu dirisha lake liko chini ya langu na chokaa haikufika huko. Aliuweka mwenyewe chini ya mirija, akaugeuza ili miche iegemee katikati, akaniuliza taa huzimwa saa ngapi.